Alhamdulillahi 61 kati ya 70

Nilipopewa kazi ya kuwauliza watu wa Likoni, Mombasa, habari za shida ya maji, jamaa mmoja anayejiita mtaalamu alinishauri hivi: "Maswali yawe mengi, watu wawe wengi, ndipo utaonekana umefanya kazi." Laiti ningemziba mdomo kwa kaimati.

Nikaandika hojaji ya maswali 42, nikatoa kopi, nikajitia Feri, kivuko cha kwendea Likoni, upande wa kisiwani saa kumi na moja jioni. Nani asimame pale? Geti likifunguliwa umati unakubeba mzima mzima. Mara mbili nilijikuta nimevushwa hadi Likoni bila kutaka. Bahati nzuri, wa miguu halipi. Mzee mmoja alinitia shilingi ishirini mkononi, akidhani nachangisha. Nilizila kashata.

Siku tatu, watu 70. Usiku nikafungua makaratasi. Swali la kwanza: "Je, unaridhika na maji unayopata?" Watu 61: "Alhamdulillahi, twashukuru." Mimi mzaliwa wa hapa, nilisahau vipi? Ukimuuliza mtu kama ameridhika, kwake hiyo ni kama salamu, naye atakujibu kwa shukrani hata kama mifereji yake imekauka mwezi mzima. Swali la tano ndilo bora zaidi: "Maji ni safi na ya bei nafuu?" Mama mmoja akanitazama: "Nijibu lipi, mwanangu? Safi ni safi, bei ndiyo moto."

Kopi za shilingi elfu mbili hivi zikaishia kufungia mbaazi.

Nikaanza upya na maswali tisa, baada ya shangazi yangu kuyajaribu na kuyacheka manne. Lita nikazifuta; nani apimaye lita? "Kwa kawaida" nikaifuta pia. Nikauliza: "Jana mmenunua mitungi mingapi? Kila mmoja shilingi ngapi?" Jana mtu anaikumbuka, na asipoikumbuka humwita mtoto aliyetumwa. Tena mitungi yenyewe imepangwa mlangoni. Naihesabu kwa jicho kabla sijapiga hodi, na hesabu zikipishana nauliza tena kwa adabu. Mapato niliyaweka mwisho kabisa, mtu achague fungu lake. Kule mwanzo yalikuwa swali la tatu, nikadhaniwa mtu wa kodi.

Barazani sikukaa. Pale utawapata wanaume walewale na kahawa zao, na maji hawachoti wao. Nilikwenda kila mlango wa saba, baada ya alasiri, na nikikuta pamefungwa narudi kesho yake.

Nyumba 58. Mtaalamu wangu akasema ni chache mno. Nikamsimulia jarida moja la Marekani lililokusanya kura za maoni zaidi ya milioni 2 mwaka 1936, nyingi kutoka kwa wenye simu na magari, yaani wenye nacho wa siku zile, likatangaza kwamba Landon atashinda urais. Landon akapata majimbo mawili tu. Roosevelt akazoa yaliyobaki.

Akafikiri kidogo. "Hiyo," akasema, "ni Marekani."