Vilima vya Blue Grass

Nilipohamia Richmond, katika jimbo la Kentucky, mwaka 2014, mama mwenye nyumba alinikabidhi funguo, akanionyesha mita ya umeme, kisha akanipeleka jikoni na kuniwekea kidole juu ya kiredio kidogo chenye taa ya kijani. Akaniambia kwamba vitu vyote vya nyumba ile ningeweza kuvihamisha nitakavyo, isipokuwa hicho nisikichomoe kamwe. Kilikuwa kiredio cha tahadhari. Kingelia siku ambayo sumu ingetoka katika ghala la jeshi lililo kilomita chache kutoka pale tuliposimama, na sisi tungetakiwa kuingia ndani, kufunga madirisha na kusubiri maelekezo.

Nilikuwa nimetoka Lexington, mji wa jirani ambako Kiswahili, hasa kile cha ndugu zetu wa Kongo, husikika madukani na makanisani, na kwa miaka yote niliyokaa huko sikuwahi kumsikia yeyote kati yetu akilitaja ghala hilo. Ndiyo maana naandika haya.

Ghala hilo, liitwalo Blue Grass, lilikuwa na makombora na roketi zaidi ya 101,000 zilizojazwa sumu za vita, na uzito wa sumu yenyewe ulikuwa tani 523 kwa kipimo cha Marekani. Sumu hizo zilikuwa za aina tatu. Ya kwanza ni haradali, ambayo watu huiita gesi ingawa ni kimiminika kizito kama mafuta, kinachounguza ngozi, macho na mapafu, na ambacho huganda hali ya hewa inaposhuka chini ya nyuzi 14 hivi za Selsiasi. Nyingine mbili, sarini na VX, ni sumu za mishipa ya fahamu: huzuia kimeng'enya kinachoiachilia misuli baada ya kukaza, na mtu hufa kwa kushindwa kupumua.

Anayepita barabarani haoni kitu cha kutisha, bali safu za vilima vya kijani, vinavyolingana kwa umbo na kwa nafasi, kila kimoja kikiwa na mlango wa chuma upande mmoja. Chini ya udongo na majani hayo kuna chumba cha zege chenye dari ya tao, kilichojengwa hivyo ili mlipuko ukitokea usiruke kwenda chumba cha pili, na ili joto la kiangazi lisiwafikie waliolala ndani. Nasema "waliolala" kwa sababu hivyo ndivyo nilivyokuwa nikifikiri: kwamba kitu kikishawekwa ghalani na kufungiwa, kimelala.

Aliyenitoa katika mawazo hayo ni baba mkwe wangu, alipokuja kututembelea kutoka Uvira. Mzee huyo alifanya kazi ya kutunza depo ya dawa za mashamba kwa zaidi ya miaka ishirini. Nilipomweleza habari za vile vilima, hakuuliza sumu inaua vipi wala inaua wangapi. Aliuliza, "Mwanangu, nani anapapasa chini ya mapipa?" Akanieleza kwamba yeye kila asubuhi, kabla ya kufungua daftari, alipitisha kiganja chini ya kila pipa, kwa sababu pipa huoza kuanzia kwenye kitako, mahali ambapo jicho halifiki, na rangi ya juu inaweza kubaki inang'aa hadi siku linapomwaga. Nilitafuta jibu la swali lake kwa miezi mingi, na jibu hilo ndilo lililonifanya nielewe maana ya kutunza silaha za namna hii.

Katika ghala la Blue Grass kiganja hakifai, kwa hiyo kazi yake ilifanywa na mashine za kupima hewa. Kabla ya mlango kufunguliwa, hewa ya ndani ilivutwa na kupimwa nje, na wafanyakazi hawakuingia mpaka majibu yasome salama. Roketi iliyogundulika kuvuja ilitolewa, ikatiwa ndani ya chombo kingine cha chuma kinachofungwa kabisa, na ghala lenyewe likafungiwa kichujio cha hewa. Hapo ndipo ukarabati ulipokomea, kwa kuwa hakuna fundi anayeweza kuziba tundu la roketi yenye sarini, baruti na fuse ndani ya mwili mmoja.

Roketi hizo ni zile zinazoitwa M55, zilizotengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na Blue Grass ilikuwa nazo karibu 70,000. Kichwa chake ni cha alumini. Sarini inapozeeka hutoa tindikali, na tindikali hiyo hula alumini kutoka ndani. Wakati huohuo, baruti inayoisukuma roketi nayo huzeeka, na kile kiungo kilichochanganywa humo ili kuituliza hupungua mwaka hadi mwaka. Hivyo kitu kilichotengenezwa kikae tayari kwa vita ya kesho kiliachwa kikae nusu karne, na muda wote huo kilikuwa kikijifungua chenyewe polepole. Mwezi Agosti 2007, sarini ilivuja ndani ya ghala mojawapo kutoka katika mtungi wa tani moja. Mvuke haukutoka nje ya ghala, lakini mitungi mitatu iliyokuwamo ililazimika kutengenezewa mpango wake peke yake, na sumu yake ikaharibiwa kabla ya kiwanda kikubwa cha kuharibu silaha hizo kukamilika.

Baba mkwe aliniuliza pia kwa nini hawakuzihamishia jangwani. Kuzihamisha kulijaribiwa, ingawa si kwenda jangwani. Huko Okinawa, kisiwa cha Japani chenye kambi za Marekani, mwezi Julai 1969, askari waliokuwa wakikwangua rangi kuukuu ya mabomu ya sarini ili wayapake upya walipata madhara, wao 23 na raia mmoja wa Marekani, na hapo ndipo wenyeji wa kisiwa walipojua kwamba walikuwa wakiishi na sumu hiyo. Mwaka 1971 shehena yote ikapelekwa kisiwa cha Johnston, katikati ya Pasifiki. Mwaka uliotangulia, roketi kutoka Alabama na kutoka hapa hapa Blue Grass zilifunikwa kwa zege, zikabebwa kwa treni hadi pwani, zikazamishwa pamoja na meli kuukuu mbali na Florida, matofali makubwa 418 kwa jumla, kwenye kina cha karibu mita 5,000. Ziko huko hadi leo, na ghala hilo la chini ya bahari halina wa kulipapasa. Baadaye sheria ilikataza kuzisafirisha kutoka jimbo hadi jimbo, na kila ghala likabaki na mzigo wake.

Jeshi lilipotangaza mwaka 1984 kwamba lingezichoma papo hapo katika tanuri, wakazi walikataa. Craig Williams, seremala aliyewahi kuwa askari katika vita vya Vietnam, aliwaunganisha watu wa miji yote yenye maghala hayo, na hawakudai sumu ipelekwe kwa wengine, bali iharibiwe bila moshi wa kupita juu ya shule za watoto wao. Tanuri zilijengwa kwingine, ikiwamo Anniston, Alabama. Kentucky na Colorado zilipata njia nyingine: silaha ilifunguliwa, sumu ikamiminwa, kisha ikavunjwavunjwa kwa maji ya moto na kostiki soda, ileile wanayoijua watengeneza sabuni. Gharama yake ilikuwa muda, na muda huo ndio uliozifanya roketi zizidi kuvuja. Hata hivyo naamini wakazi walikuwa na haki, kwa sababu wao ndio waliolala karibu nazo.

Haradali ilikuwa na ukaidi wake. Katika makombora mengi ilikuwa imeganda na kuwa tope gumu lisilomiminika, ikabidi makombora hayo yaingizwe mazima katika chumba cha chuma chenye joto kali na kuharibiwa humo.

Roketi ya mwisho iliharibiwa tarehe 7 Julai 2023, na kwa siku hiyo Marekani ikawa imemaliza silaha zote za kemikali ilizozitangaza chini ya mkataba wa kimataifa wa kupiga marufuku silaha hizo, ulioanza kutumika mwaka 1997. Nilimpigia simu baba mkwe jioni ile. Alinyamaza kidogo, akauliza kama na vile vilima vimepimwa hewa baada ya kutolewa mzigo. Nilimjibu kwamba maghala hayo husafishwa na kupimwa kabla ya kutumiwa tena. Akasema basi vizuri, akaomba azungumze na mjukuu wake.