Goma hadi Beni: ardhi ilivyotufundisha kazi

Tulipotua Goma, mashariki mwa Kongo, na kikosi cha JWTZ (Jeshi la Wananchi wa Tanzania) chini ya Umoja wa Mataifa, somo la kwanza lilikuwa chini ya buti. Mji umekaa juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo, iliyolipuka Januari 2002 na kufunika hata kipande cha njia ya ndege. Kigingi cha hema hakiingii, hata kwa nyundo nzito. Kamba zinafungwa kwenye mifuko ya mchanga au rundo la mawe, na badala ya kuchimba handaki unajenga ukuta. Mawe yenyewe ni makali, yanamaliza soli haraka.

Kabla ya kusimamisha hema, waulize wenyeji kuhusu mazuku. Ni kaboni dayoksaidi inayotoka ardhini. Kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, hutuama mashimoni, hasa alfajiri kusipokuwa na upepo. Haina rangi. Ukiona mbuzi amekufa shimoni bila jeraha, ondoka hapo. Kwa hiyo lindo la usiku lisikae kwenye kishimo, hata kama kinakinga risasi vizuri.

Goma ni kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na usiku sweta ni lazima. Tulipohamia Beni na kushuka kuelekea bonde la Semuliki, mambo yakageuka: joto, tope, mbu. Doksisaiklini, dawa ya kukinga malaria, ni miligramu 100 kila siku, kuanzia siku 1 au 2 kabla ya kuingia hadi wiki 4 baada ya kutoka. Hizo wiki 4 ndizo askari huziacha, kisha malaria inamkuta nyumbani, kwa sababu vimelea vilivyokuwa kwenye ini huingia damuni baadaye. Imeze ukiwa umekula, kwa glasi nzima ya maji, na usijilaze papo hapo. Ikikwama inaunguza umio.

Barabara ya Mbau–Kamango inapita msituni. Huko ndiko ilikokuwa kambi ya Semuliki, ambako ndugu zetu zaidi ya kumi waliuawa Desemba 7, 2017. Redio ya VHF, ambayo mawimbi yake huenda mstari mnyoofu, hukatwa na kilima kimoja tu. Pandisha antena au weka kituo cha kupokezana kileleni. Ikishindikana tumia HF, ambayo mawimbi yake hufika mbali: masafa ya juu mchana, ya chini usiku. Muda uandikwe 0600, si "saa kumi na mbili", maana hiyo yaweza kuwa asubuhi au jioni; tena Beni iko saa moja nyuma ya Dar.

Kinachowaponza Watanzania zaidi ni Kiswahili. Darfur, kule Sudan, kilitusitiri redioni kwa kuwa wenyeji hawakijui. Beni anakielewa dereva wa pikipiki, na muasi aliyejificha porini pia. Jina la kijiji, saa ya kuondoka na idadi ya magari vipitie kwenye msimbo, bila utani. Sokoni ni faida: mama muuza sombe (kisamvu) anaweza kujua njia imeharibika kabla ripoti haijafika. Ila usimhoji mbele za watu. Doria ikiondoka, yeye anabaki pale pale.