Chembe nano za fedha na zinki kwa kuvu: kabla ya kulaumu kuvu, pima maji

Maelezo mengi ya kutengeneza chembe nano za fedha, yaani punje za madini hayo zisizoonekana kwa jicho, kwa kutumia kuvu hujaa habari za kuvu yenyewe: aina gani, umri gani, joto kiasi gani. Hapa Dodoma kinachonipa kazi kubwa zaidi ni maji. Sehemu kubwa ya maji ya mjini hutoka visima virefu vya bonde la Makutupora, na yana chumvi; fungua birika la umeme uone ukoko wake. Katika chumvi hizo kuna kloridi. Kloridi ikikutana na ayoni za fedha (fedha iliyoyeyuka majini) hutengeneza kloridi ya fedha, unga mweupe usioyeyuka, ambao ukikaa kwenye mwanga hugeuka rangi ya zambarau iliyochanganyika na kijivu. Fedha inakuwa imekwisha kazi kabla kuvu haijafanya lolote.

Kwa hiyo kila dumu la maji yaliyokenekwa (yaliyogeuzwa mvuke na kupozwa) nalipima kwanza. Namimina mililita 5 kwenye tyubu ya kioo, nadondoshea matone mawili ya nitreti ya fedha (chumvi ya fedha inayoyeyuka majini), naweka karatasi nyeusi nyuma na kusubiri dakika tano. Yakibaki maangavu, yanafaa. Yakionyesha utusitusi hata kidogo, yanakwenda kuoshea vyombo, tena mwosho wa kwanza tu. Wa mwisho lazima uwe wa maji yaliyofaulu, mara tatu. Maji ya betri yanayouzwa vituo vya mafuta mara nyingi hufaulu, ila soma lebo vizuri, maana asidi ya betri huweza kuwa rafu hiyohiyo kwenye chupa inayofanana. Maji ya mvua ya kwenye bati yana zinki na vumbi. Hayo nayaweka kwa ajili ya kupulizia. Na vaa glavu. Jasho la vidole lina kloridi, na nitreti ya fedha ikigusa ngozi inaacha doa jeusi ambalo sabuni haitoi.

Kuvu ninayotumia ni Trichoderma. Watafiti wengi wametumia Fusarium oxysporum, nayo inafanya kazi vizuri, lakini hiyo ndiyo inayonyausha nyanya na migomba. Wengine wametumia Aspergillus flavus. Hiyo siikubali kabisa kwa kitu chochote kinachoelekea shambani au jikoni, kwani ndiyo inayozalisha sumukuvu kwenye mahindi na karanga. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa sumukuvu na 20 wakafariki. Sioni kwa nini mtu aikuze lita kwa lita wakati Trichoderma ipo na ni rafiki wa mizizi.

Kazi yenyewe haifanywi na kuvu hai. Kuvu hutoa nje ya seli zake vimeng'enya na protini. Vimeng'enya kama nitreti ridaktezi husaidia kupeleka elektroni kwenye ayoni za fedha, ayoni zinakuwa fedha metali, na protini zinazizingira chembe zisigandamane. Tunachohitaji ni maji yaliyobeba vitu hivyo, ndiyo maana hatua za kuosha na kuchuja zina uzito kuliko watu wanavyodhani.

Chakula cha kuvu ni viazi mviringo gramu 200, vimenywe, vikatwe vidogo, vichemshwe dakika 30. Chuja, weka glukosi gramu 20, jaza mpaka lita moja. Kwa sahani za petri ongeza agari gramu 15 hadi 20. Kama huna otoklevu (mashine ya kuua vimelea kwa mvuke wa presha), sufuria ya presha inatosha, lakini Dodoma iko mita zipatazo 1,100 juu ya usawa wa bahari na maji huchemka karibu nyuzi 96. Geji ikisoma paundi 15, ndani kuna kama nyuzi 119, si 121 za kwenye vitabu. Dakika 15 za vitabu mimi nazifanya 25.

Kuanzia Agosti hadi Oktoba upepo na vumbi vinaleta vimelea kila mahali. Funga madirisha, zima feni, fanya kazi karibu na mwali wa spiriti. Madoa meusi kwenye sahani mara nyingi ni Aspergillus niger. Linalotaka jicho zaidi ni kijani. Trichoderma huanza nyeupe kama pamba, kisha hutoa vumbi la kijani kibichi, mara nyingi kwa miduara, na baadhi ya aina zake hunukia nazi. Aspergillus flavus ina kijani cha kuelekea njano na uso wa chengachenga. Ukiishuku, usifungue sahani kunusa! Itie kwenye sufuria ya presha ikiwa imefungwa, uichemshe na kuitupa.

Kwenye flaski ya mililita 250 naweka mchuzi wa viazi mililita 100 na vipande vitatu vya agari yenye kuvu, vya milimita 5. Nyuzi 28, mizunguko 150 kwa dakika, siku tatu hadi nne. Umeme ukikatika na mashine ya kutikisa ikasimama, kuvu hutanda juu kama utando. Bado inafaa, ila ipe siku zaidi. Joto la Novemba ndilo baya, chumba kikivuka nyuzi 30 ukuaji unazorota.

Chuja kwa kitambaa safi, kisha osha kuvu mara tatu kwa maji yaliyofaulu kipimo. Usipoosha, glukosi iliyobaki inaweza kupunguza fedha yenyewe, nawe ukadhani ni kuvu. Viazi navyo vina kloridi. Kuvu mbichi gramu 10 iingie kwenye maji mililita 100, itikiswe saa 48, halafu chuja kwa karatasi ya kuchujia. Maji yatakayotoka, ndiyo maji ya kuvu, yana njano hafifu.

Sasa fedha. Nitreti ya fedha gramu 1.7 kwenye mililita 100 za maji ni milimola 100 kwa lita (kipimo cha ukolezi). Mililita 1 ya hiyo ndani ya mililita 99 za maji ya kuvu inakupa milimola 1, yaani miligramu 108 za fedha kwa lita. Zungushia flaski foili. Kama ni lazima kurekebisha pH (kipimo cha asidi na alkali), ipeleke 8 kwa hidroksidi ya sodiamu iliyozimuliwa; ukitaka kushusha tumia asidi ya naitriki, kamwe si haidrokloriki. Weka flaski tatu za kulinganisha: maji ya kuvu bila fedha, fedha kwenye maji matupu, na maji ya kuvu yaliyochemshwa na kupozwa kabla ya kutiwa fedha. Hiyo ya tatu ikibadilika sawa na ile kuu, basi si vimeng'enya peke yake vilivyofanya kazi.

Ndani ya siku moja hadi tatu rangi inakwenda njano, kisha kahawia ya chai ya rangi. Rangi peke yake haitoshi. pH ikipanda mno, oksidi ya fedha nayo ni ya kahawia, lakini huzama chini baada ya muda mfupi. Chembe nano nzuri hubaki zimeelea. Mulika tochi ya leza gizani: mstari wa mwanga utaonekana ukipita ndani ya kimiminika. Maji ya kuvu yenyewe yana protini nayo huonyesha mstari hafifu, kwa hiyo linganisha na flaski isiyo na fedha. Kwenye spektrofotomita, kifaa cha kupima mwanga unaofyonzwa, pima nanomita 300 hadi 700. Kilele kinatakiwa kuwa kati ya 400 na 450. Kikiwa kipana na kimeegemea kulia, chembe zimegandamana. Sentrifuji (mashine ya kuzungusha kwa kasi) ya mizunguko 10,000 kwa dakika, ikizunguka dakika 20, inazishusha. Mwaga maji ya juu, rudishia maji safi, rudia. Hifadhi gizani, nyuzi 4.

Kwa mkulima wa mtama au alizeti, hata hivyo, mimi ningeanza na zinki. Zinki ni lishe ya mmea. Fedha si lishe ya chochote. Asiteti ya zinki yenye maji ya fuwele gramu 2.2 kwa lita ya maji ya kuvu ni milimola 10. Pasha hadi nyuzi 60, pandisha pH taratibu, mashapo meupe yatashuka. Hapa tusidanganyane: alkali peke yake nayo inashusha mashapo hayo. Fanya flaski isiyo na maji ya kuvu, ulinganishe. Mengi ya mashapo yanaweza kuwa hidroksidi, na ukiyachoma nyuzi 400 ili yawe oksidi umeunguza zile protini zilizokufanya utafute kuvu.

Kwa kuloweka mbegu jaribu miligramu 20, 50, 100 na 200 za oksidi ya zinki kwa lita, saa sita hadi nane, kisha anika kivulini. Dozi ikizidi, mizizi inakuwa mifupi na minene, pima mizizi kabla ya majani. Mlinganisho ambao wengi wanauruka ni salfeti ya zinki ya kawaida: miligramu 100 za oksidi zina zinki miligramu 80, sawa na miligramu 353 za salfeti yenye maji saba ya fuwele. Mbegu za salfeti zikiota sawa na za nano, nunua salfeti.

Kwenye zabibu za Hombolo au Mpunguzi nimeulizwa kuhusu kupulizia fedha dhidi ya ubwiriunga. Salfa bado inafanya kazi na ni rahisi. Tunda linaliwa na ganda lake, sitaki fedha pale. Kwa karanga pia, kukausha vizuri juu ya turubai kunazuia sumukuvu kuliko chembe yoyote ya nano. Na kiuatilifu chochote, hata cha kutengeneza mwenyewe, hakiuzwi wala kugawiwa bila kusajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu.

Anayefanya majaribio ya shambani akumbuke kuwa maji yanarudi tena kwenye bomba la kupulizia. Kalisi na kloridi za kisimani zinavunja uthabiti wa chembe. Changanya kwanza kwenye glasi, subiri nusu saa. Kahawia ikigeuka kijivu, usipoteze dozi, tumia maji ya mvua. Kupata miligramu 20 za fedha kwa lita, chukua mililita 185 za mchanganyiko wa awali (ule wa miligramu 108 kwa lita) na ujaze hadi lita moja.

Mabaki ya fedha usiyamwage sinki. Yatie chumvi ya mezani, kloridi ya fedha itazama, ichuje na uiweke kwenye chupa yake yenye lebo. Amonia isikaribie mabaki hayo: mchanganyiko wake na fedha ukiachwa ukae unaweza kulipuka.