Ukurasa mweupe kwa wenye iPhone tu: siku yangu moja kazini

Saa 2 asubuhi. Chai bado ya moto, dada wa huduma kwa wateja ananipigia, kaka kuna watu wanalalamika, wakifungua ukurasa wetu wa kukata tiketi za basi unakuja mweupe pee, hakuna maandishi hakuna kitufe. Nafungua Chrome kwenye laptopu, uko poa. Firefox poa, Android yangu poa. Namuuliza wanatumia simu gani? Wote iPhone.

Saa 3, kwenye daladala. Dada ananiambia mteja mmoja alishaambiwa ajaribu Chrome kwenye hiyohiyo iPhone na bado ni mweupe, kwa hiyo wakaona shida sio Safari, brauza inayokuja na iPhone. Hapa wengi wanapotea jamani. Kwa huku kwetu Chrome ya iPhone ndani yake ni injini ileile ya Safari, WebKit, yaani ile programu inayosoma ukurasa na kuuchora, umebadilisha jina na rangi tu, kwa hiyo hilo jaribio halijakwambia kitu.

Saa 4 ofisini. Mwenzangu ana iPhone 13, anafungua, inafunguka vizuri! Namrudia dada, naomba waulizwe ni iPhone ngapi. Majibu yanakuja: 7, 7, 6s. Hapo nikaanza kuona mwanga, maana hizo simu zinaishia iOS 15, na Safari ya iPhone huwezi kuisasisha peke yake, inakuja na iOS. Na watu wanazo nyingi tu, zile za mtumba, usiseme wanunue mpya.

Saa 6. Fundi simu wa hapo chini kaniazima iPhone 7, Mungu ambariki. Nikawasha Web Inspector, kifaa cha kuchungulia ndani ya ukurasa, kwenye mipangilio ya Safari, kule Advanced, nikaichomeka kwa waya kwenye Mac ya ofisi, nikaingia menyu ya Develop, nikafungua konsoli, pale brauza inapoandika makosa. Mstari mmoja mwekundu: "Invalid regular expression: invalid group specifier name".

Saa 7 nimeshaupata. Kuna kipande cha msimbo kinachoweka mkato kwenye nauli, 45000 isomeke 45,000, na mtu alitumia ile rejeksi (regular expression, kanuni ya kutafuta mpangilio wa herufi) inayozunguka sana mtandaoni yenye alama (?<! yaani hakikisha kitu fulani hakipo nyuma. Chrome inaielewa tangu toleo la 62, mwaka 2017. Safari imekuja kuielewa toleo la 16.4, Machi 2023. Sasa kwanini ukurasa mzima ufe kwa ajili ya mkato? Kwa sababu brauza inasoma faili zima kabla haijaendesha hata mstari mmoja, ikikuta rejeksi isiyoijua imeandikwa humo moja kwa moja inalikataa faili lote, hata uizungushie try na catch, ile mbinu ya kunasa makosa, haisaidii, na Babel, programu inayogeuza msimbo mpya uwe wa zamani, nayo haikubadilishii.

Nikaitoa, nikaweka Intl.NumberFormat, kifaa cha kupanga namba kilichomo ndani ya brauza, hiyo iPhone 7 inaijua. Nikapandisha kwenye seva ya majaribio, nikafungua.

Mweupe.

Saa 9. Muda wote nilikuwa nahangaika na keshi, zile nakala za zamani brauza inazohifadhi, nafuta, nafungua upya, kumbe sio keshi. Nikafungua lile faili la mwisho lililobanwa analotumiwa mteja, sio msimbo tuliouandika wenyewe, nikatafuta (?<! humo ndani, ikatokea tena! Ilikuwa kwenye maktaba, yaani msimbo wa watu wengine tuliouchukua nje, ya kukagua kama anwani ya barua pepe imeandikwa sawa. Hii ndio sehemu ninayoomba uishike, tafuta kwenye kile kinachomfikia mteja, maana ulichoandika wewe ni kipande kidogo tu cha hicho. Maktaba nikaing'oa, ukaguzi wenyewe nikauandika mistari minne.

Saa 11 jioni. iPhone 7 ya fundi inaonyesha mabasi yote na nauli zina mikato. Nikapandisha kwa wateja, nikaongeza ukaguzi unaogomesha kupandisha ikionekana hiyo alama tena, nikamrudishia fundi simu yake.

Saa 12 na robo dada kanitumia skrinshoti, mama mmoja aliyekuwa anahangaika tangu asubuhi kapata tiketi ya Singida, kiti namba 14, dirishani.