Kidole cha Pete katika Legspini

"Mwalimu, kidole kinaniuma," aliniambia mwanafunzi wangu mmoja wa miaka 13 tulipokuwa tukipumzika chini ya mwembe, baada ya kurusha mipira ya kriketi kwa muda wa saa nzima. Nilimwuliza, "Kipi, mwanangu?" naye akaninyooshea kidole cha shahada, ambacho ncha yake ilikuwa imekuwa nyekundu. Nilimwonea huruma kwa maumivu yale, lakini kilichonisikitisha zaidi ni kwamba kidole kilichopaswa kumuuma ni cha pete. Tangu siku hiyo nimekuwa nikitaka kuliandika jambo hili kwa utulivu, kwa sababu wengi wanaojifunza legspini, ule mtindo wa kurusha mpira wa kriketi kwa kuuzungusha, hapa Mombasa hukata tamaa wakidhani hawana kipaji, ilhali kosa lao liko kwenye kidole kimoja tu.

Legspini, kwa mrushaji wa mkono wa kulia, ni mpira ambao ukishagonga ardhi hukata kutoka upande wa miguu ya mpigaji wa mkono wa kulia na kutokea upande wa pili, anakolazimika kuufuata kwa gongo. Mzunguko unaoufanya ukate hivyo hautoki begani, bali huzaliwa katika sehemu ndogo sana ya sekunde ambapo kifundo cha mkono kinafunguka na kidole cha pete kinausukuma mshono wa mpira. Waswahili husema chanda chema huvikwa pete, na kwa mrushaji wa legspini chanda hicho ndicho kinachobeba kazi yote, huku vingine vikikisaidia tu kuushikilia mpira.

Mpira wa kriketi wa wanaume una uzito wa takriban gramu 156 hadi 163, na wa wanawake gramu 140 hadi 151. Katikati yake umezungukwa na mshono uliotuna, wenye safu sita za nyuzi. Ushike mpira huku mshono ukiwa umekingama na vidole. Kidole cha shahada na cha kati hutanuliwa kidogo, na viungo vyao vya juu ndivyo vinavyoukamata mshono. Kidole cha pete hukunjwa, kisha ubavu wake, pale penye kiungo cha juu, huegemezwa kwenye mshono kama mtu anayejiandaa kusukuma mlango kwa bega. Kidole gumba hugusa tu. Kati ya mpira na kiganja lazima ibaki nafasi ya kupitisha mwanga, na mimi huwaambia watoto wanyanyue mkono kuelekea jua waitazame nafasi hiyo wenyewe.

Nafasi hiyo mimi niliikosa kwa miaka miwili. Nilipokuwa na umri wa miaka 15, mtu mzima aliyekuwa akitufundisha alituambia tukaze mkono ili mpira usituponyoke, nami nikamtii kwa moyo wote, nikawa nauzamisha mpira kiganjani na kuubana kama anayekamua ndimu. Matokeo yake yalikuwa mawili: mpira ulichelewa kutoka mkononi ukaanguka karibu na miguu yangu badala ya kumfikia mpigaji aliye mwisho wa uwanja wa kurushia, ambao kutoka wiketi, yaani vigingi vitatu vilivyosimamishwa kila mwisho, hadi wiketi nyingine ni mita 20.12, na hata ulipofika, ulifika umenyooka bila kukata. Kifundo cha mkono kilichokazwa hakiwezi kufunguka kwa kasi. Kipimo ninachokitumia leo ni chepesi: mwenzako akiweza kuuchomoa mpira mkononi mwako kwa vidole viwili bila kuvutana nawe, umeushika sawasawa.

Kabla ya kuachia, kifundo hukunjwa kuelekea ndani. Mkono unapopanda na kupita juu ya bega, kifundo kinafunguka, na kidole cha pete kinausukuma mshono kutoka kulia kwenda kushoto, kwa namna ile ile mtu anavyofungua kifuniko cha chupa ya chai kilichokazwa, iwapo kifuniko hicho kingekuwa kimeelekezwa mbele yake. Mpira hutoka ukipita juu ya kidole hicho, na kidole gumba hakiusukumi hata kidogo. Ni vigumu kuyahisi haya yote ukiwa unakimbia, na ndiyo maana somo langu la kwanza hufanyika watoto wakiwa wamekaa kitako, kila mmoja akiwa na chungwa. Chungwa hurushwa juu kidogo kutoka mkono wa kulia na kudakwa na wa kushoto, likizungushwa kwa kidole cha pete peke yake. Lile tundu la kikonyo huonyesha mzunguko waziwazi: likitulia mahali pamoja huku chungwa likizunguka, mzunguko ni safi, likiyumbayumba, vidole vingine vimeingilia kazi isiyo yao.

Mzunguko safi una faida hata kabla mpira haujagusa ardhi, kwa kuwa huufanya uelee pembeni hewani na kushuka ghafla. Tarehe 4 Juni 1993, pale Old Trafford nchini Uingereza, Shane Warne wa Australia alimrushia Mike Gatting, mpigaji wa Uingereza, mpira ulioelea kuelekea upande wa miguu, ukaanguka nje ya kigingi cha upande huo, kisha ukakata na kugonga kigingi cha upande wa pili. Sisi Wakenya tuna siku yetu pia. Tarehe 24 Februari 2003, katika uwanja wa Nairobi Gymkhana, Collins Obuya aliwatoa mchezoni wapigaji watano wa Sri Lanka kwa legspini huku akiruhusu mikimbio (alama za kriketi) 24 tu, na Kenya, iliyokuwa imepata mikimbio 210, ikashinda kwa mikimbio 53 katika Kombe la Dunia ambalo baadaye ilifika nusu fainali. Naamini kwa dhati kwamba siku ile ilistahili kuzaa kizazi kizima cha warushaji wa legspini nchini, na inaniuma kwamba haikuzaa.

Katika mashindano hayo hayo, huko Durban tarehe 15 Machi, Aasif Karim, mzaliwa wa Mombasa, alirusha mipira 50 dhidi ya Australia akaruhusu mikimbio 7 tu na kuwatoa wapigaji watatu. Karim, hata hivyo, alikuwa mrushaji wa mkono wa kushoto anayezungusha kwa vidole, na katika mtindo huo kidole cha shahada ndicho kikuu. Nadhani hapo ndipo watoto wengi huchanganyikiwa, kwa sababu mitindo yote miwili huitwa spini.

Gugli, ambayo kila mtoto huiulizia siku ya pili, hushikwa vile vile. Kinachobadilika ni kifundo, ambacho huzungushwa zaidi hadi mgongo wa mkono umwelekee mpigaji wakati wa kuachia, na mpira ukakata kinyume cha legspini, kuelekea upande wa miguu ya mpigaji. Mwingereza Bernard Bosanquet aliibuni kutokana na mchezo wa mezani wa kudundisha mpira wa tenisi, na mwaka 1900 akaitumia katika mechi uwanjani Lord's. Mimi siifundishi mpaka mtoto aweze kurusha legspini ya kawaida bila kufikiria, kwa kuwa kifundo kikizoea gugli mapema huwa kigumu kukirudisha.

Wakati wa kaskazi jasho huwa jingi, nasi huja na taulo ndogo kila mtu na yake, kwa maana mshono uliolowa huteleza chini ya kidole na mzunguko hupotea. Yule mwanafunzi wangu alirudi nyumbani na chungwa lake. Wiki tatu baadaye alikuja na malengelenge mawili kwenye ubavu wa kidole cha pete, akataka kukifunga plasta. Nilimkataza, kwa kuwa mrushaji haruhusiwi kufunga kitu kwenye mkono wa kurushia bila idhini ya waamuzi, nikamwambia apumzike siku nne na apake mafuta ya nazi usiku.