Sharubu na mswala wa Mama

Masika ya 2016 Mama alikuja Dar es Salaam kutolewa mtoto wa jicho. Alishuka Ubungo na mkoba wa nguo, ndoo ya samaki wa kukaanga, na kikapu cha ukili kilichofunikwa kanga na kufungwa kamba. Kikapu kilikuwa kinalia.

"Usianze," akaniambia kabla hata sijamwamkia. "Ningemwacha na nani?"

Ndivyo Sharubu alivyohamia kwangu. Dume la miaka minne, manjano yenye mistari, kichwa kama cha paka wawili. Alizaliwa uani kwetu Ngamiani, Tanga, na tangu azaliwe hakuwahi kulala mahali ambapo mlango umefungwa. Mimi nilikuwa nimepanga Upanga, ghorofa ya tatu, vyumba viwili, madirisha yote nondo na wavu wa mbu. Kule nyumbani alikojoa popote chini ya mkungu, akafukia, akaenda zake. Kwangu nikamtengea beseni la kufulia lililovunjika mpini, nikalijaza mchanga wa ujenzi niliopewa na mlinzi wa jengo la jirani kwa bei ya soda. Beseni nikaliweka jikoni, pembeni ya sahani yake ya chakula, nikajiona mtu wa mpangilio. Hata mimi mwenyewe nisingekubali kulia chakula chooni, lakini wakati ule wazo hilo halikunijia.

Wiki ya kwanza ilipita salama. Wiki ya pili nikakuta shati langu la kazini limelowa ndani ya kapu la nguo safi. Siku ya pili yake, zulia dogo la mlangoni. Ijumaa, mswala wa Mama.

Mswala ule ulikuwa wa kijani, aliletewa kutoka Makka na marehemu dada yake. Mama hakuuona ule unyevu, macho yake wakati huo yalikuwa yanaona ukungu tu. Aliugusa kwa kiganja alipokwenda kusujudu. Akakata sala, akauinua, akaunusa, akaniita.

"Paka si najisi, mwanangu. Mtume kasema hao ni wa kutuzungukia majumbani. Lakini mkojo wake ni najisi, hilo halina mjadala. Lete maji."

Nilileta jiki. Nilimwaga jiki kila mahali: sakafuni, kwenye zulia, kwenye kona ya chumba cha Mama. Macho yakaniwasha mpaka nikafungua madirisha mvua ikiingia. Mama akasema jiki haitwaharishi kitu, maji yanayopita ndiyo yanayotwaharisha, mpaka harufu na rangi viondoke. Nikamjibu kwa mdomo wa msomi kwamba jiki inaua vijidudu. Kesho yake Sharubu akakojoa palepale. Na kesho kutwa. Baadaye niliambiwa kwamba kwenye pua ya paka harufu kali ya namna ile haifuti alama ya choo, huenda hata ikamrudisha palepale. Tena jiki ikikutana na mkojo hutoa hewa mbaya kwa kifua cha mtu. Kumbe machozi yale hayakuwa ya bure.

Majirani nao hawakukosa la kusema. Mama mmoja wa ghorofa ya pili alisema huyo anatia alama, nimhasi. Kijana wa chini akasema paka aliyetoka Tanga si paka wa kumkemea ovyo, nimtafutie mtu wa kumsomea. Kwa watu wa Dar, hata nazi ikitoka Tanga ina jini.

Mimi nilikuwa na maelezo yangu: jeuri. Nilimwona ananitazama machoni huku amechuchumaa juu ya taulo langu, nikaamini kabisa kwamba ananilipiza kwa kufungiwa ndani. Nikavua kandambili nikampiga nayo. Si mara moja. Ilifika mahali akisikia tu kandambili zangu zikigonga sakafu, pa, pa, pa, anaingia chini ya kitanda cha Mama. Mimi nikachukulia kule kukimbia kuwa ushahidi kwamba anajua kosa lake.

Mama ndiye aliyekuwa akisema, "Huyu ana jambo." Alisema mara ya kwanza, mara ya pili, na kila mara nilimjibu ana jambo la kunyooshwa.

Usiku mmoja, tarehe yake ya upasuaji ikiwa imebaki kama wiki, aliniamsha. Mvua ilikuwa imetulia. Alikuwa amekaa kitandani na tasbihi mkononi.

"Mimi sioni, lakini masikio ninayo," akasema. "Tangu isha paka kaingia mchangani mara tano. Anachakura, anachakura, halafu kimya. Sijasikia mkojo hata mara moja. Kule nyumbani akikojoa, namsikia nikiwa barazani."

Nikamwambia alale, asubuhi tutaona.

Alfajiri nilikwenda kupiga mswaki nikamkuta Sharubu ndani ya sinki. Sinki jeupe, ubaridi wa kauri. Amechuchumaa, mgongo umepinda, mkia unatetemeka kidogo, na anatoa sauti nisiyowahi kuisikia kwake, ndogo, ya ndani, kama mlango unaofunguliwa polepole. Hakukimbia. Nilisimama nikamngoja amalize nimwone jeuri yake leo inafika wapi. Yakatoka matone matatu, na juu ya weupe ule yalikuwa ya pinki.

Nilimtia kwenye kikapu kilekile cha ukili. Mama alikataa kubaki. Tukapanda bajaji mvua imeanza upya, turubai zimeshushwa, Mama amekipakata kikapu na mkono wake mmoja umepenya chini ya kanga. Njia nzima hakunisemesha.

Daktari wa mifugo alikuwa kijana, pengine umri wangu. Swali lake la kwanza: "Akikojoa hovyo, anasimama au anachuchumaa?" Nikasema anachuchumaa. Akasema dume anayetia alama kwa kawaida husimama, mkia juu, akarusha ukutani. Anayechuchumaa mara nyingi anatafuta choo. Swali la pili lilikuwa anakula nini, nikasema kwa fahari kidogo kwamba tangu afike mjini namnunulia chakula kikavu cha dukani, kile cha punje. Na maji? Bakuli moja. Anayamaliza? Sikujua. Mama akadakia kwamba Tanga alikuwa anakula vichwa vya samaki na mchuzi wake.

Daktari akamminya Sharubu tumbo taratibu, akanishika mkono akauweka pale. Kilikuwa kigumu, cha mviringo, kama ndimu.

"Hiki ni kibofu. Kimejaa, na mlango umeziba." Akaeleza kwamba njia ya mkojo ya paka dume ni nyembamba sana kuliko ya jike, na chembechembe kama mchanga, au ute tu, zinatosha kuifunga. Ikifungwa kabisa, sumu hurudi kwenye damu na moyo huvurugika. Siku moja au mbili, basi. Kabla ya hapo huwa anapata maumivu kila akikojoa, na paka hana namna ya kujua kwamba maumivu yanatoka ndani. Anafikiri yanatoka kwenye beseni. Kwa hiyo analihama. Anatafuta mahali laini, mahali pengine, pasipouma.

Shati, taulo, zulia, mswala.

Nikamuuliza kinacholeta hali hiyo. Akasema mambo huwa mengi kwa pamoja: kutokunywa maji ya kutosha, kuhamishwa, kufungiwa, hofu. "Kuna kitu kinachomtisha hapo nyumbani?" akauliza. "Mbwa? Watoto?"

Mama aligeuza uso kuelekea nilipo. Mimi nilikuwa natazama miguu yangu. Nilikuwa nimetoka na kandambili zilezile.

"Hakuna mbwa," nikasema.

Alichomwa sindano ya usingizi, akapitishiwa mpira mwembamba, akasafishwa, akawekewa dripu. Alibaki pale siku mbili. Hesabu ilinitoa jasho, nikakopa kazini. Alipotolewa tulipewa masharti: chakula chenye majimaji, maji sehemu mbili tatu za nyumba, beseni la pili, na yote mawili yakae mbali na chakula, yachotwe kila siku. Sakafu nisafishe kwa maji mengi na siki. Nilipomtajia Mama hilo la maji mengi hakusema kitu, akaendelea na tasbihi yake, ila niliona anatabasamu.

Usiku wa kwanza hatukulala. Tulizima taa, Mama kitandani, mimi sakafuni nimeegemea mlango. Karibu saa nane tukamsikia anaingia mchangani. Akachakura. Kimya. Nikashika pumzi. Kisha ikaja, hafifu kwanza, halafu mfululizo, ndefu, ikinyesha mchangani.

"Kojoa baba," Mama akanong'ona gizani. "Kojoa, kojoa."

Akafukia kwa bidii mpaka mchanga ukarukia nje, akaja akajitupa juu ya mswala uliofuliwa. Alfajiri Mama alimkuta palepale. Alitandika kanga pembeni yake akasali hapo.

Mama alipasuliwa, jicho likafunguka, wakarudi Tanga wote wawili mwezi Juni. Wiki zile zilizobaki Sharubu hakukosea beseni hata siku moja. Ila mimi hakunizoea tena. Nikiwa peku alikuja hadi magotini, nikivaa kandambili alikuwa chini ya kitanda kabla sijapiga hatua ya pili. Nilizitupa, nikaenda kununua makubazi.