Unaanza kazi za IT kivyako? Hela yako ya kwanza iende kwenye kinga

Napata sana meseji za vijana waliomaliza chuo, au mtu kapunguzwa kazini, na swali ni lile lile: nataka nianze kufanya kazi za IT kivyangu, nina kama laki tano hivi na laptopu ya zamani, ninunue nini? Wengi wanakuja na orodha tayari, antivirus ya kulipia, seti ya bisibisi, stika, kadi za biashara, laptopu ya nguvu ya mkopo. Mi nawaambia waigeuze hiyo orodha. Zana za kazi yetu nyingi ni za bure, tena bure ya halali kabisa. Kinachokumaliza ni siku data ya mteja imepotea mikononi mwako, au mteja kakuruka anasema hatukukubaliana hivyo na wewe huna hata karatasi moja ya kuonyesha. Hela ndogo uliyonayo iende huko kwanza.

Mashine tuipite haraka. Kariakoo laptopu za mtumba zimejaa, ThinkPad na Latitude zilizotoka maofisini ng'ambo, ni ngumu na spea zake zipo. Angalia prosesa, kama ni Intel basi kizazi cha nane kupanda juu, maana Windows 11 kwa kawaida haikubali chini ya hapo na Windows 10 Microsoft waliiacha rasmi tarehe 14 Oktoba 2025. SSD (diski ya kasi) iwepo, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) GB 16 ukipata, washa palepale dukani utazame betri inashukaje, basi. Umemaliza, usikope.

Windows ya kukraki naomba tukubaliane tuachane nayo, hili naliongea kwa uchungu kwa sababu mafundi wengi wazuri ndo wanaoisambaza. Hebu fikiria kinachotokea: unazima Defender (antivirus inayokuja na Windows), unaendesha kiaktiveta, yaani kiprogramu cha kuidanganya Windows kwamba ina leseni, ambacho hujui kaandika nani, unakipa ruhusa zote za adimini, halafu flashi ileile unaenda kuichomeka kwenye kompyuta ya mhasibu wa mtu yenye mishahara ya wafanyakazi wote. Na mara nyingi hata hakuna sababu, laptopu nyingi zilizotoka kiwandani na Windows 8 na kuendelea zina ufunguo wa leseni ndani ya ubao wenyewe, ukipakua Windows safi toka tovuti ya Microsoft ukaiinstoo toleo lilelile inajiaktiveti yenyewe ikipata intaneti. Isipokubali weka Linux Mint au Debian, mifumo ya bure badala ya Windows. Kazi za ofisi, barua na mahesabu, tumia LibreOffice. Antivirus, ile Defender iliyomo inatosha kwa mtu mmoja, mradi apdeti zisizimwe. Mnakumbuka WannaCry ya Mei 2017, kirusi kinachofunga mafaili na kudai hela, iliyopiga mpaka hospitali za Uingereza? Kiraka chake Microsoft walishakitoa Machi mwaka uleule, mashine zilizokuwa zimeapdetiwa zilikuwa salama. Apdeti ni bando tu, hakuna kinga ya bei rahisi kuliko hiyo.

Kwenye kumsaidia mteja kwa mbali, yaani kuiendesha kompyuta yake kupitia intaneti, watu wanajisahau. TeamViewer na AnyDesk zile za bure ni kwa matumizi binafsi, wewe unalipwa kwa hiyo wewe ni biashara, wenye programu wakishagundua wanaanza kukukatia katikati ya kazi mteja akiwa anasubiri. RustDesk inafanya kazi hiyohiyo na ni chanzo huria (kodi yake iko wazi kwa yeyote), unaweza hata kuweka seva yako mwenyewe. Paswadi za wateja usiziache WhatsApp wala kwenye daftari, tumia KeePassXC, ni faili moja limefungwa kwa paswadi moja kuu, nakala yake unaiweka pembeni. Ongeza Ventoy kwenye flashi moja ibebe instola zako zote, Clonezilla ya kukopi diski nzima, na umeshajaza begi bila kutoa hata mia.

Sasa hela inaenda wapi? Diski. Nunua eksitenal mbili, ziwe mpya, hapa mtumba hapana. Ukibaki na chenji chukua na doki, kifaa cha kuchomekea diski za wateja zikishatolewa kwenye kompyuta zao.

Niwaonyeshe kwa nini. Mteja kaleta kompyuta ya duka, "imekuwa nzito tu fundi, nipigie Windows upya". Kabla hujagusa kitu fungua CrystalDiskInfo, programu inayoonyesha afya ya diski, hiyo nayo ni bure. Ukiona imeandika Caution kwa njano, shuka chini utazame mstari wa 05 na wa C5, kama kuna namba zaidi ya sifuri maana yake diski imeanza kuhamisha sekta mbovu (sekta ni vipande vidogo vinavyohifadhi data) au kuna sekta inashindwa kuzisoma. Hapo ndo fundi mwenye haraka anaendesha chkdsk ya kurekebisha, ile programu ya Windows ya kukagua diski, na hiyo inaandika juu ya diski inayokufa, kesho yake mteja anaambiwa data imeenda. Wewe izime. Itoe, iweke kwenye doki, washa laptopu yako kwa Linux, endesha ddrescue, programu ya kuokoa data, ikopi diski yote iwe imeji (faili moja lenye nakala ya diski nzima) kwenye eksitenal yako. Yenyewe inasoma kwanza sehemu zisizo na tatizo kwa haraka, mbovu inaziruka, halafu ndo inazirudia kuzikwangua kidogokidogo, na ukiipa faili la ramani inaandika kila ilipofikia, umeme ukikatika (na utakatika) unaanzia palepale ulipoishia. Programu ni ya bure, ujuzi unao, ila bila eksitenal yenye nafasi ya kutosha huna pa kuitupia hiyo imeji na utaanza kubahatisha. Eksitenal ya pili ni kwa ajili ya vitu vyako wewe, mikataba, invoisi, lile faili la paswadi, na isilale nyumba moja na laptopu. Kanuni inayotumika dunia nzima ni nakala tatu, vyombo viwili tofauti, moja iwe mbali. Hiyo ya mbali hata zile GB 15 za bure za Google zinatosha kwa makaratasi, ila yafunge kwanza kwa paswadi. Na eksitenal zote mbili zifunge kwa VeraCrypt, programu ya bure inayofunga diski isisomeke bila paswadi, maana eksitenal ikiibiwa kwenye daladala haijaibiwa peke yake, imeondoka na siri za watu.

Kingine ni karatasi, na karatasi haikugharimu kitu. Sheria yetu ya mikataba hapa Tanzania inatambua hata makubaliano ya mdomo lakini nenda kayathibitishe uone. Mi natumia fomu ya ukurasa mmoja. Inasema mashine gani imepokelewa na namba yake, tatizo kama mteja alivyolieleza, nitafanya nini na sitafanya nini, bei, nusu inalipwa kabla sijaanza, mteja anasema kama ana bakapu au hana na anasaini hapo, kikiharibika kitu kwa sababu yangu mwisho wa dhima yangu ni malipo ya kazi ile, na siku 14 baada ya kukabidhi nafuta imeji ya data yake. Kazi ndogo za mbali namwandikia barua pepe yenye maneno hayohayo ajibu "nimekubali", Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inazitambua rekodi za kielektroniki kama ushahidi. Bima ya dhima ya kitaalamu, inayolipa ukimsababishia mteja hasara kazini, ipo na ni nzuri, ila kwa anayeanza ningesema subiri mpaka upate mteja kampuni anayeidai, fomu inaanza leo.

Na usiidharau hiyo saini ya ruhusa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inafanya kuingia kwenye mfumo wa mtu bila idhini kuwa kosa la jinai. Sasa wewe kazi yako nzima ni kuingia kwenye mifumo ya watu! Meneja akikwambia "ingia kwenye imeili ya yule aliyeacha kazi uone ameondoka na nini", usiguse mpaka upate maandishi toka kwa mwenye mamlaka pale ofisini. Halafu ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika 1 Mei 2023, na ina Tume yake inayosajili wanaokusanya na wanaochakata taarifa za watu. Ukishika orodha ya wagonjwa wa zahanati au wazazi wa shule, na wewe unahusika, mwulize mteja wako kama amejisajili na uulize Tume kuhusu nafasi yako wewe.

Mwisho makaratasi ya serikali, jina la biashara toka BRELA (wakala wa usajili wa biashara) na TIN, namba ya mlipakodi, toka TRA (mamlaka ya mapato), TIN hulipii. Msiyaogope, kampuni nyingi bila hivyo vitu hawakupi kazi kabisa. Wakikulipa kwa huduma watakata kodi ya zuio (wanayoikata wao na kuipeleka TRA kwa niaba yako) asilimia 5, kwa hiyo kazi ya milioni moja utaona imeingia 950,000. Usigombane na mhasibu, ila usiondoke bila cheti cha hiyo elfu hamsini, mdai, mpigie, mkumbushe tena, kwa sababu hesabu za mwaka zikifika TRA inahesabika kuwa ni kodi uliyokwishalipa na bila cheti utajikuta unailipa upya. Vyeti hivyo viskani uviweke kwenye ile eksitenal ya pili.